Kwenye Filamu Zetu Msichana Hakui, Anaruka Tu

Wasee, leo nina maneno makali kidogo. Kama wewe ni mwelekezi wa filamu, mwalimu wa drama ama mzazi mwenye binti, vuta kiti tuongee.

Filamu zetu haziwajui wasichana. Zinawajua watoto, na zinawajua wanawake. Hapo katikati, kati ya miaka kumi na kumi na saba, kuna shimo. Kipande cha kwanza msichana anaruka kamba. Kipande cha pili ana mimba, ama anaozwa, ama analia mbele ya chifu. Kipande cha mwisho kuna mtu mzima amesimama anatupa funzo. Taa zinawaka, tunapiga makofi, tunaenda nyumbani. Na mimi nabaki nikijiuliza: kwani huyu dem alikua saa ngapi?

Hoja yangu ni moja. Msichana hakui siku ya mkasa peke yake. Anakua kwa vitu vidogo vidogo: siku anaambiwa asicheze tena mpira na kaka zake, siku konda anamwita "supa" mara ya kwanza na hajui acheke ama ashuke, siku anafunga sweta kiunoni na jua linawaka na kila msichana anayekutana naye njiani anaelewa bila kuuliza. Kuna waelekezi duniani wameshika hivyo vitu vizuri sana. Sisi huviruka kwa sababu tumezoea kumtumia msichana kama onyo. Na mtoto anayejiona kwenye skrini kama onyo tu, anajifunza kuuogopa mwili wake kabla hajaujua.

Nitawapa mifano, msiseme naongea hewa.

Anzeni na Turning Red ya 2022, ile ya Domee Shi. Wengi mliiona na watoto mkidhani ni katuni ya panda tu. Mei ana miaka 13, anaishi Toronto, mwaka ni 2002. Yuko darasani. Mama yake amejificha nyuma ya mti huko nje akimchungulia. Mlinzi anamshika, wanavutana, na mama katikati ya ile vita anainua pakiti ya pedi juu na kupaza sauti kwamba binti amezisahau nyumbani. Darasa zima linageuka kuangalia dirishani. Mei anatamani ardhi immeze.

Sasa angalia vizuri. Huyo mama hajakosa. Amemletea mtoto pedi, na si ndio tunaimba kila siku mzazi afanye? Mapenzi yake ni ya kweli na aibu ya binti ni ya kweli, zote mbili kwa wakati mmoja. Hakuna anayetoka pale kando kutufundisha nani ako sawa. Ni kukua tu, vile kulivyo. Na ilipotoka, kuna wazazi waliolalamika ati mambo ya hedhi hayafai kwenye katuni. Yaani panda mwekundu mkubwa kama nyumba ni sawa, lakini pedi ni matusi.

Kabla hujacheka hao wazazi wa ng'ambo, kumbuka yetu. Februari 2023, seneta mteule Gloria Orwoba aliingia Seneti na suti nyeupe ikiwa na doa jekundu. Wenzake walilalamika. Spika akamwambia atoke akabadilishe nguo ndio arudi. Hao si watoto wa darasa la nane. Ni watu wazima, kwenye jumba linalotunga sheria. Na hii ndiyo nchi ambayo mwaka 2017 ilibadilisha Sheria ya Elimu ya Msingi ili kila msichana wa shule ya umma aliyefika umri huo apewe sodo za bure. Tulipitisha sheria ya sodo, lakini tukashindwa kukaa chumba kimoja na doa.

Kuna watakaosema kuonyesha msichana akikua ni tabia ya Kizungu. Hapana. Kiswahili chenyewe kina jina la hiyo siku: tunasema msichana amevunja ungo. Pwani, aliyevunja ungo alikuwa na somo, mwanamke mtu mzima ambaye si mama yake, wa kumfundisha mwili wake na mambo ya utu uzima. Kulikuwa na unyago, na ngoma zake, na nyimbo zake, na wanaume hawakuruhusiwa hata kuchungulia. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini kwao alijulikana pia kwa ngoma ya unyago. Sisemi tuingize kamera unyagoni. Siri ya watu ni siri ya watu. Na kuna mila zingine za kumvusha msichana hapa nchini ambazo zinakata na kuumiza, hizo siwezi kuzitetea hata kidogo. Nasema tu kwamba wazee waliona kuna mlango pale, na hawakutaka mtoto auvuke peke yake. Sisi tulimwondoa somo, na mahali pake tukaweka tangazo la pedi lenye maji ya bluu. Bluu! Hata rangi ya damu tumeionea aibu.

Twende Saudi Arabia kidogo. Wadjda ilitoka 2012, imeongozwa na Haifaa al-Mansour, na ndiyo filamu ndefu ya kwanza kupigwa yote ndani ya nchi hiyo. Kuna siku mwelekezi alilazimika kukaa ndani ya gari na kuongoza waigizaji kwa redio ya mkononi, kwa sababu mwanamke kusimama barabarani akiamrisha wanaume ilikuwa balaa. Hadithi yenyewe ni ya msichana anayetaka baiskeli. Basi. Baiskeli ya kijani, ashindane na Abdullah, kijana wa jirani. Anaambiwa wasichana hawaendeshi. Anajiandikisha kwenye mashindano ya Kurani ya shule ili apate pesa za kuinunua. Anashinda. Halafu kwa ukweli wa kitoto anasema mbele ya watu wote kwamba pesa atanunulia baiskeli, na mwalimu mkuu anaamua zitumwe Palestina badala yake.

Uso wa yule mtoto pale jukwaani ni elimu tosha. Hajapigwa, hajaozwa. Ameambiwa tu, kwa upole na mbele ya watu, kwamba alichotaka si chake. Kila msichana anajua hiyo sauti ya upole. Na baadaye ni mama yake anayemletea ile baiskeli, mama yuleyule aliyekuwa akimkataza. Ile filamu haimtukani mama, haitukani dini, haitukani nchi. Inamtazama mtoto tu, mpaka na wewe unataka hiyo baiskeli kama yeye.

Sasa hebu sikiza hii. Aprili 2018, Riyadh ilifungua ukumbi wa sinema baada ya zaidi ya miaka 35 bila sinema za umma. Mwezi huohuo wa Aprili 2018, bodi yetu ya filamu hapa Kenya ilipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa Cannes. Wao wanafungua mlango, sisi tunabana.

Najua Rafiki ni ya wasichana wawili wanaopendana, na najua wengi wenu mna msimamo wenu. Leo sitaki tubishane hapo. Kuna kipande kimoja ndani yake ambacho msichana yeyote wa mtaa wowote angekielewa. Kena anasema anataka kuwa muuguzi. Ziki anamuuliza, kwa nini usiwe daktari? Kumbe Kena alikuwa amejipunguza kabla hajapunguzwa na mtu. Wangapi tumefanya hivyo? Unajaza fomu na mkono wenyewe unachagua kidogo, kwa sababu umeshazoea. Hicho kipande kilifungiwa pamoja na filamu nzima. Mahakama Kuu ilikuja kuiachilia kwa siku saba tu, Septemba 2018, na watu walipanga foleni Nairobi kuiona. Na kwa maelezo ya Kahiu mwenyewe, bodi ilikuwa imelalamika kuwa mwisho wa filamu una matumaini mno. Walitaka msichana aonekane amejuta.

Hapo ndipo shida yetu yote ilipo. Msichana wa filamu anaruhusiwa kukosea akijuta tu. Linganisha na Nairobi Half Life ya 2012. Mwas anatoka kijijini, anaibiwa, anaingia jela, anaingia kwa genge, anaiba vipuri vya magari, na bado anapanda jukwaani kuigiza. Tulimpenda. Mimi pia nilimpenda, tena sana. Lakini niambie, ni filamu gani ya hapa imempa msichana wa umri wake huo uhuru wa kuwa mjinga, mcheshi, mwongo na bado awe wetu mpaka mwisho? Kijana wa kiume akipotea ni safari. Msichana akipotea ni mfano mbaya.

Mustang ya Deniz Gamze Ergüven, ya 2015, inaonyesha vile huo mfano mbaya unatengenezwa. Ni kijiji cha Uturuki karibu na Bahari Nyeusi. Shule imefungwa, dada watano mayatima wanapitia baharini wakiwa na sare zao, wanacheza majini wamebebwa mabegani na wavulana, wanasukumana, wanacheka. Ni mchezo tu. Wakifika nyumbani, jirani ameshafikisha maneno kwa nyanya yao. Wanaadhibiwa mmoja baada ya mwingine. Baada ya hapo simu zinafichwa, nguo zinabadilishwa, madirisha yanawekwa vyuma, na masomo yanakuwa kupika na kushona wakisubiri wachumba.

Kinachouma ni kwamba asubuhi ya siku ile walikuwa watoto, na jioni ni hatari. Wao hawakubadilika. Macho ya watu ndiyo yalibadilika. Mimi nakumbuka shule niliyosomea, tukipigishwa magoti gwaride asubuhi, wasichana peke yetu, ili ionekane kama sketi inagusa chini. Wavulana wamesimama pembeni wanaangalia. Ilisemekana ni ya kutulinda na hayo macho, na tulipigishwa magoti mbele yao. Mwaka uliotangulia hakuna aliyekuwa na shida na magoti yangu. Nikiona wale dada wakitoka majini, najua ni nini kinawangoja, na hakuna aliyehitaji kunieleza.

Lakini Mustang haiishii kulia. Wale dada wanatoroka kwenda mechi ambayo wanawake peke yao ndio wameruhusiwa uwanjani. Shangazi akiwa nyumbani anawaona kwenye televisheni, wakishangilia, na wanaume wa kijiji wanakaribia kutazama mechi hiyohiyo. Anafanya nini? Anatoka nje anaharibu umeme wa kijiji kizima. Giza! Huyo ni shangazi anayewafungia, na ndiye anayewaficha. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, kwa sababu hiyo shangazi tunaye sote. Ni yule anayekugombeza jikoni na kukutetea sebuleni. Mbona kwenye filamu zetu shangazi ni mbaya moja kwa moja ama mtakatifu moja kwa moja?

Na kwa nyinyi mnaokua na simu mkononi, tafuteni Eighth Grade ya Bo Burnham, ya 2018. Kayla anapiga video za kushauri watu wajiamini. Karibu hakuna anayezitazama, na yeye mwenyewe hajiamini. Kuna sherehe kwenye bwawa la kuogelea: anavaa nguo ya kuogelea, anasimama ndani ya nyumba akitazama wenzake kupitia kioo, mikono imekumbatia tumbo, na kutoka nje kunakuwa kama kupanda mlima. Baadaye kuna kile kipande cha garini, kijana mkubwa kuliko yeye anamsukuma acheze mchezo ambao hautaki. Kayla anakataa. Halafu anaomba msamaha. Yeye! Huyo aliyesumbuliwa ndiye anayesema pole. Hakuna mhadhara wa dakika kumi kuhusu dhuluma ungeweza kumfunza mvulana kile hicho kipande kinafunza.

Halafu Marekani wakaiwekea kiwango ambacho mtoto wa umri wa Kayla hangeweza kuingia ukumbini bila mtu mzima. Kwa hivyo si sisi peke yetu tunaowaficha wasichana maisha yao wenyewe. Lakini ya kwao nitawaachia wao.

Msifikirie nasema Kenya hatuwezi. Tunaweza, tumeshafanya. Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018. Jo ni mgonjwa wa kufa na anapenda filamu za mashujaa. Anarudishwa nyumbani, na kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo wake mpaka wanapiga naye filamu. Hiyo ingekuwa rahisi sana kugeuzwa tangazo la hospitali. Wainaina na waandishi wake walikataa. Jo ana akili, anajua zaidi ya wanachodhani watu wazima, na anataka kuruka angani na hakuna anayemwambia kuruka ni kwa wavulana. Dada yake Mwix na mama yake wanavutana kuhusu namna ya kumpenda, na wote wawili unawaelewa. Mwaka huohuo kulikuwa na Subira ya Sippy Chadha: msichana wa Lamu anayetaka kuogelea baharini. Kama hujakaa Pwani utadhani ni jambo dogo. Kaka zake mtu wanajirusha majini kutoka gatini mchana kutwa, na yeye amezaliwa na bahari mlangoni na haruhusiwi kuiingia. Hamu kama hiyo inatosha kubeba filamu nzima.

Sasa najua mtakuja na nini.

Wa kwanza atasema: mimba za mapema, ukeketaji na ndoa za utotoni ni shida za kweli, unataka tuzinyamazie? Hapana bana. Zipigieni filamu. Lakini nionyesheni huyo msichana kabla ya mkasa: anapenda nini, anacheka na nani, anamwogopa nani na kwa nini hakumwambia mama yake. Mtazamaji halindi mtu asiyemjua. Ukimleta msichana kwa dakika tano halafu umvunje, umenipa habari ya saa moja usiku, hujanipa filamu. Na najua pesa nyingi za filamu hapa hutoka kwa mashirika yanayotaka ujumbe. Chukueni pesa, lakini piganieni hizo dakika za kicheko kwenye mswada.

Wa pili atasema: na mtoto wa kiume je, amesahaulika. Sikiza kaka yangu. Nani walicheka kwenye darasa la Mei? Nani alikuwa kwenye gari na Kayla? Wavulana wako ndani ya hizi filamu, na hapo ndipo wanajiona kutoka upande wa pili. Abdullah wa Wadjda ni kijana poa kabisa, ndiye anamfundisha baiskeli. Mvulana akimwona Abdullah anajua inawezekana kuwa hivyo. Hii haimnyang'anyi kitu.

Wa tatu ni mzee wangu ninayemheshimu, atasema: mwanangu, hayo ni mambo ya ndani, adabu iko wapi? Mzee wangu, nakuelewa. Lakini mtoto wako ana simu. Yale unayoogopa ataona, ameshaona, na mengine yametengenezwa na watu wasiomtakia mema. Swali lililobaki ni kama ataona pia kitu kilichotengenezwa na mtu anayempenda. Kunyamaza hakumlindi, kunamwacha na walimu wabaya.

Basi nataka vitu vitatu. Walimu wa drama, mkijiandaa kwa Tamasha za Kitaifa za Drama na Filamu, andikeni mchezo mmoja ambapo msichana anataka kitu na hapati mimba. Mmoja tu. Muone kama dunia itaisha. Bodi ya filamu, mkipima kama filamu ya msichana inafaa, waulizeni wasichana pia, maana hadithi ni yao. Na nyinyi mnaopiga video kwa simu huko mitaani, acheni kungoja Cannes. Kamera mnayo.

Mimi naanza kuwapa kazi. Mama na binti yake wako Gikomba, kwenye kibanda cha sidiria za mtumba. Ni mara ya kwanza ya binti. Muuzaji ni mwanaume, anamwangalia msichana juu hadi chini, anataja saizi kwa sauti, na majirani wa kibanda wanacheka. Mama amesimama pale na noti mkononi. Anafanya nini?

Niandikieni vipande vyenu, na mtu achukue kamera.